MADINI YASIYOLIWA NA KUTU, NA MTU ANAYEYACHOMELEA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wazee na vijana huko Ekalakala, Machakos

Tumeombwa tuseme juu ya madini yaitwayo nikeli, na juu ya vyuma vya mchanganyiko vinavyotengenezwa kwayo, vile ambavyo havishikwi na kutu upesi. Sisi tulio hapa mbele ni watu wa karakana ya reli. Elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, na iliyobaki tumeipata kwa spana, kwa tupa, na kwa kuwauliza waliotutangulia. Kwa hiyo tutasema kwa maneno ya karakana, na asiyeelewa atusimamishe aulize.

Labda mtu atauliza, mambo haya yanahusu nini Ekalakala, mahali pa mahindi, mbaazi na mbuzi? Yanahusu sana. Twajua nyote ya kwamba maji ya visima virefu vingi vya Ukambani yana chumvi. Mnajua jinsi bomba la mabati linavyoanza kuvuja kwenye kiungo kabla ya deni lake kwisha kulipwa. Tena vijana wengi wa hapa huenda Thika, Nairobi, Athi River na Mombasa kutafuta kazi, na wengi huishia kuwa mafundi wa kuchomelea. Kijana akishika mashine ya kuchomelea lazima ajue anachokichomelea na anachokivuta puani. Hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii.

KUTU NI NINI

Chuma hutoka ardhini kikiwa kimeshikana na hewa ya oksijeni, na watu hukitoa humo kwa moto mkali. Wazee wetu wa Kikamba walijua kazi hiyo, nao walisifika kwa kufua chuma na kutengeneza mikufu myembamba iliyouzwa mbali. Lakini chuma hakisahau kwao. Kikipata maji na hewa pamoja, hurudi kushikana na oksijeni, na huko kurudi ndiko tunakokuita kutu. Maji yakiwa na chumvi, kazi hiyo huenda mbio zaidi, kwa kuwa chumvi huyapa maji nguvu ya kupitisha umeme mdogo ambao ndio unaokula chuma.

Ubaya wa kutu ya chuma ni kwamba haishikamani. Hubambuka kama magome ya mti, na chini yake chuma kipya huachwa wazi ili nacho kiliwe. Madini mengine hayafanyi hivyo. Shaba, nikeli na kromiamu hujifunika ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo hushika imara na kuyalinda yaliyo chini yake. Ikikwaruzwa, hujirudisha yenyewe mara nyingi. Basi siri yote ya vyuma visivyoliwa iko katika ngozi hiyo. Mahali ambapo ngozi inaweza kukaa, chuma kitadumu. Mahali ambapo asidi au joto linaiondoa, chuma kitakufa hata kama kilinunuliwa kwa bei kubwa namna gani.

NIKELI ILITOKA WAPI

Nikeli iligunduliwa na Mswidi aliyeitwa Axel Fredrik Cronstedt mwaka 1751. Jina lenyewe lilitokana na wachimba migodi wa Ujerumani. Waliona mawe yanayofanana na mawe ya shaba, wakayachoma, wasipate shaba, wakasema kuna shetani mdogo ndani yake anayewachezea. Shetani huyo ndiye waliyemwita Nickel. Ni madini meupe yenye kung'aa, nayo hayayeyuki mpaka joto lifike digrii 1,455 za sentigredi.

Sisi watu wa reli tuna sehemu yetu katika habari hii. Mwaka 1883, reli ya Canadian Pacific ilipokuwa ikijengwa karibu na Sudbury huko Kanada, mhunzi mmoja wa reli jina lake Thomas Flanagan aliona mawe yenye rangi ya kutu mahali palipokatwa njia. Mawe hayo yalikuwa na shaba na nikeli pamoja, na Sudbury ikawa mojawapo ya sehemu kubwa za nikeli duniani. Kwa hiyo utajiri huo ulionwa kwanza na jicho la mfanyakazi.

Mawe ya Sudbury yalileta taabu, maana kutenga nikeli na shaba kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Crooks Stanley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya International Nickel, alijaribu kuyaacha madini hayo mawili yakae pamoja kama yalivyotoka katika mawe. Akapata chuma cheupe, kigumu, kisichopata kutu. Mwaka 1906 haki yake iliandikishwa Marekani, nacho kikaitwa Monel, kwa jina la mkuu wa kampuni, Ambrose Monell. Herufi moja ya mwisho iliondolewa kwa kuwa sheria ya huko haikuruhusu jina la ukoo kuwa alama ya biashara. Wazee, mwaona wenyewe: aliyefanya kazi ni mmoja, na aliyepewa jina ni mwingine. Mambo hayo hayakuanza jana.

TABIA ZA MONEL

Chukueni shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye simba, iliyopigwa mwaka 1948 mpaka 1952, au shilingi ya Kenya ya mwaka 1966 yenye sura ya Mzee Kenyatta. Wazee wengine bado wamezihifadhi ndani ya kibweta. Sarafu hizo ni za shaba na nikeli, shaba ikiwa sehemu tatu na nikeli sehemu moja. Ndiyo maana hata leo hazina kutu. Monel ni ndugu yake, lakini hesabu imegeuzwa: nikeli ni kama theluthi mbili, shaba ni kama theluthi moja, na chuma na manganisi kidogo tu.

Kwanza, nguvu. Monel ina nguvu kuliko chuma laini cha kawaida, na haivunjiki kama kioo hata ikiwekwa katika baridi kali. Huyeyuka kati ya digrii 1,300 na 1,350 hivi.

Pili, maji ya bahari. Katika maji ya bahari yanayokwenda, Monel huliwa chini ya sehemu moja ya arobaini ya milimita kwa mwaka. Kwa hiyo hutumiwa kwa mihimili ya pampu, vali na sehemu za meli. Lakini angalieni: katika maji ya bahari yaliyosimama, viumbe vya baharini vikijishikiza juu yake, hutobolewa vishimo vidogo vidogo. Anayependa maji yatulie ndani ya pampu miezi mitatu asije akailaumu Monel.

Tatu, asidi na magadi. Monel huvumilia magadi makali, yaani soda kali, na huvumilia asidi ya hidrofloriki, ile inayokula hata kioo. Hata hivyo haivumilii asidi nitriki, wala maji makali ya amonia. Hakuna chuma kinachoweza kila kitu.

Nne, moto wa oksijeni. Katika mabomba ya oksijeni yenye kanieneo kubwa, chuma cha kawaida kinaweza kuwaka kama kuni pakitokea cheche. Monel haiwaki kwa urahisi, nayo hutumiwa kwa vali za oksijeni kwa sababu hiyo.

Tano, namna ya kuitambua. Vijana wanaouza vyuma chakavu wasikilize hapa. Monel ya kawaida huvutwa na sumaku kidogo tu ikiwa baridi, na ukiitia katika maji ya moto sumaku huiacha. Chuma laini huvutwa kwa nguvu wakati wote. Stenlesi ya masufuria mazuri kwa kawaida haivutwi. Basi, kabla hujauza kipande kizito cheupe kwa bei ya mabati, kijaribu kwa sumaku na maji ya moto. Na ikiwa kipande hicho kimeng'olewa kwenye reli au kwenye nguzo za umeme, kirudishe. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa namna hiyo, na walioumia ni wengi wasiokuwa wezi.

NDUGU ZAKE WENGINE

Monel siyo peke yake. Nikeli ikichanganywa na kromiamu hupatikana aina ya Inconel, ambayo huvumilia moto mkali sana, nayo hutumiwa katika tanuri na katika injini za ndege. Nikeli ikichanganywa na molibdenamu hupatikana jamaa ya Hastelloy, ambayo huvumilia asidi ya hidrokloriki, adui mkubwa wa stenlesi. Ukiongeza kromiamu humo, hupatikana aina inayovumilia klorini yenye unyevu na asidi za namna nyingi kwa pamoja. Viwanda vya dawa, vya mbolea na vya kusafisha mafuta huweka vyuma hivi mahali pale tu ambapo vingine vimeshindwa.

Kwa nini pale tu? Kwa sababu ya bei. Nikeli ni ghali, na bei yake haina utulivu. Tarehe 8 Machi 2022 bei yake katika soko la madini la London ilipanda ikapita dola 100,000 kwa tani, na biashara ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Hakuna mtu mwenye akili atakayejenga tangi zima la maji kwa Hastelloy. Fundi mzuri ni yule anayejua mahali chuma cha kawaida kinatosha, na mahali ambapo kuweka chuma cha kawaida ni kumtegea mwenzake mtego.

MONEL KATIKA RELI

Kati ya kazi kubwa za kwanza za Monel mojawapo ilikuwa ya reli: paa la stesheni kuu ya reli ya Pennsylvania mjini New York, iliyofunguliwa mwaka 1910, lilifunikwa kwa mabamba ya Monel. Stesheni yenyewe ilianza kubomolewa mwaka 1963, lakini sababu ilikuwa biashara ya viwanja, siyo kutu.

Kazi iliyo karibu zaidi na sisi ni ya boila. Wazee wanakumbuka magari ya moshi makubwa ya Garratt ya daraja la 59, yaliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yalikuwa 34, yalijengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja lilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Mvuke wake ulikuwa na kanieneo ya ratili 225 kwa kila inchi mraba. Kazi yao ilikwisha kufikia mwaka 1980, na moja lao, Mount Gelai, liko katika jumba la makumbusho la reli Nairobi. Mwenye mtoto na ampeleke akalione.

Katika boila la gari la moshi kuna sanduku la moto, na nje yake kuna ukuta wa pili. Kati ya kuta hizo mbili kuna maji. Mvuke husukuma kuta kutaka kuziachanisha, nazo huzuiwa na mamia ya boliti zilizopita toka ukuta mmoja mpaka wa pili. Ukuta wa ndani hupata moto zaidi, hutanuka zaidi, na kila siku boliti hupindwa kidogo huku na huku. Papo hapo maji yenye chumvi huzila. Boliti moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake. Zikikatika nyingi, ukuta hupasuka, na mtu aliye karibu haulizi tena saa ya kutoka kazini.

Waingereza walitumia boliti za shaba na za chuma kwa miaka mingi. Kisha katika magari yao mengi, pamoja na yale ya daraja za mwisho yaliyojengwa kuanzia mwaka 1951, walitia boliti za Monel, kwa kuwa hustahimili kupindwa, hustahimili joto kuliko shaba, na haziliwi na maji upesi. Tunalitaja jambo hili ili mwone ya kwamba chuma bora hakikuwa anasa. Kilikuwa ni uhai wa dereva na wa mchochea moto.

BOLITI NDOGO INAYOLIWA NA BAMBA KUBWA

Ndugu, hapa tunafika kwenye jambo ambalo hata mafundi wa miaka mingi hulisahau. Madini mawili mbalimbali yakigusana ndani ya maji yenye chumvi, hufanya betri. Yule aliye dhaifu huliwa, na yule aliye bora hulindwa. Chuma kikigusana na Monel, kitakacholiwa ni chuma.

Mwaka 1915 tajiri mmoja wa Marekani alijengewa jahazi la anasa lililoitwa Sea Call. Ngozi yake ya nje ilikuwa ya Monel, lakini baadhi ya sehemu zake zilikuwa za chuma. Bahari ikaunganisha hayo mawili, chuma kikaanza kuliwa upesi mno, na jahazi hilo likavunjwa kabla halijapata kufanya safari za maana. Monel yake ilikuwa nzima. Jahazi ndilo lililokufa.

Kanuni yake ni nyepesi, nanyi mwaweza kuiandika ukutani. Usiweke boliti ndogo ya chuma katika bamba kubwa la madini bora, maana boliti hiyo italiwa mbio, bamba lote likiielemea. Ukilazimika kuchanganya, boliti iwe bora kuliko bamba. Na ukiweza, tia gasketi na washa za mpira au plastiki ili madini yasigusane.

Tuliwahi kuona jambo hili kwa macho yetu katika karakana moja, ambayo hatutaitaja jina. Vali ya pampu ya maji ya chumvi ilikuwa ya Monel na boliti zake za Monel. Boliti mbili zilipotea, na mwenye kusimamia akasema zitiwe za chuma cha kawaida, maana za asili ni ghali. Fundi alipinga, akaambiwa afunge mdomo afunge na boliti. Baada ya miezi michache boliti hizo zilikuwa zimebaki nyembamba kama penseli, vali ikaachia, na mwenzetu mmoja akapigwa na maji yenye nguvu akavunjika mkono. Bei ya boliti mbili iliokolewa. Mkono wa mtu ulivunjika.

Hata hapa Ekalakala kanuni ni ile ile. Ukifunga koki ya shaba moja kwa moja kwenye bomba la mabati la kisima chenye chumvi, bomba litaanza kuvuja pale pale penye kiungo. Tia kiungo cha plastiki kati yao. Gharama yake ni ndogo, na kisima ni cha kijiji kizima.

KUCHOMELEA NA KUCHONGA

Kwa vijana wa ufundi, tutasema mambo machache.

Nikeli ikipashwa moto haipatani na salfa wala risasi. Grisi, mafuta ya kukatia, rangi, hata chaki ya kutia alama, huwa na vitu hivyo. Ukichomelea juu ya uchafu huo, kiungo hupasuka, na mpasuko waweza kuonekana baadaye kazi ikiwa imekwisha kupokelewa. Safisha kwanza mpaka pang'ae, pande zote mbili, kwa brashi ya stenlesi, siyo brashi ya chuma iliyosugua mabomba ya kutu asubuhi.

Katika mashine ya kuchonga, madini haya hukakamaa yakisuguliwa. Chombo kiwe kikali, mwendo uwe wa polepole, na kila mara kichwa kikate kweli. Ukikiacha kisugue bila kukata, uso wa madini utakuwa mgumu kiasi cha kuharibu chombo cha pili na cha tatu.

MADINI HAYALIWI, LAKINI MTU HULIWA

Sasa, ndugu, tumefika penye kiini cha hotuba. Madini haya hayaliwi na bahari wala na asidi, lakini vumbi lake na moshi wake vinaweza kumla mtu.

Huko Clydach, katika nchi ya Wales, palifunguliwa kiwanda cha kusafisha nikeli mwaka 1902. Wafanyakazi walikuwa wakivuta vumbi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Baadaye ikaonekana ya kwamba saratani ya mapafu na ya pua ilikuwa nyingi mno kati yao kuliko kati ya watu wengine. Katika miaka ya 1930 jambo hilo lilikuwa limekwisha andikwa na wakaguzi wa viwanda wa serikali. Lakini ilikuwa mwaka 1949 ndipo saratani hizo zilipoandikwa katika sheria ya Uingereza kuwa ni ugonjwa wa kazi wa kulipiwa fidia. Hesabuni ninyi wenyewe toka 1902 hata 1949: ni miaka 47. Wangapi walizikwa bila senti, na wajane wao wakaambiwa ni mapenzi ya Mungu?

Mwaka 1990 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliweka misombo ya nikeli katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa huleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2017 likauweka na moshi wa kuchomelea katika kundi hilo hilo, uwe wa nikeli au wa chuma kingine.

Tusitishane bure. Kushika boliti ya Monel au sarafu hakuleti saratani. Wako watu ambao ngozi yao huwasha na kutoka vipele wakivaa saa au herini zenye nikeli, nao waepukane nazo. Hatari kubwa ni kuvuta: kuchomelea ndani ya tangi au chumba kisicho na hewa, na kusaga kwa mashine bila kifuniko cha pua. Tena wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Vumbi hukaa katika ovaroli. Fundi akienda nayo nyumbani, akambeba mtoto, na mke akaikung'uta kabla ya kuifua, nyumba nzima imeingia karakana bila mshahara.

Basi yapasa tufanye hivi. Ovaroli ibaki kazini na ifuliwe huko. Tunawe mikono kabla ya kula, na tusile juu ya meza ya kazi. Ndani ya tangi pawe na feni ya kuvuta moshi, na mtu wa pili asimame nje kutazama. Kifuniko cha pua kiwe cha kuzuia moshi wa madini, maana kitambaa kilichofungwa usoni huzuia inzi tu.

SHERIA INASEMAJE

Wengine hudhani vitu hivi ni hisani ya mwajiri. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi mavazi na vifaa vya kumkinga mahali penye vitu vya kudhuru. Sheria hiyo inasema pia kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao ndani yake. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo 2007, inahusu ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi na haki ya kujiunga na chama chake.

Lakini sheria ni kama spana. Ikikaa kabatini haifungui nati. Ugonjwa wa vumbi huchukua miaka 20 au 30 kutokea, na wakati huo mfanyakazi amekwisha staafu, yuko hapa Ekalakala akichunga mbuzi, hana karatasi hata moja ya kuonyesha alifanya kazi gani. Kwa hiyo kila mwanachama na awe na daftari. Aandike tarehe, mahali, chuma alichochomelea, siku alizofanya ndani ya tangi, na kama alipewa kifuniko cha pua au hakupewa. Ampe katibu wa tawi nakala. Daftari la shilingi chache laweza kuwa ndilo mafao ya watoto wako.

YANAYOKUJA

Msidhani mambo ya nikeli ni ya Kanada na Wales tu. Jirani zetu wa Tanzania wana mawe ya nikeli huko Kabanga, wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Mwezi wa Januari 2021 serikali yao ilitia sahihi mapatano ya kuunda kampuni ya Tembo Nickel, na serikali ikapewa sehemu 16 kwa mia. Mpango ulikuwa mawe yachimbwe Ngara, na madini yasafishwe Kahama, badala ya kupelekwa ng'ambo yakiwa mchanga. Burundi nayo ina nikeli huko Musongati. Kazi hizo zikiendelea, patatakiwa wachimbaji, wachomeleaji, mafundi wa pampu, na watu wa reli wa kupakia na kubeba. Vijana wa Afrika Mashariki watakuwa karibu na vumbi hilo kuliko walivyopata kuwa.

Tunafurahi, maana ni vizuri mali itengenezwe kwetu. Ila tunasema mapema, ili isije ikasemwa kwamba hapakuwa na mtu aliyejua: yaliyotokea Clydach yamekwisha andikwa, na hakuna mwajiri wala serikali ya Afrika Mashariki itakayoweza kusema haikuambiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyama vyetu vya Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi vingefaa kupelekeana habari juu ya jambo hili kabla ya mgodi kufunguliwa, siyo baada ya mazishi ya kwanza.

Tumesema habari za ngozi nyembamba inayolinda madini. Mfanyakazi naye hukingwa na vitu vyembamba: kifuniko cha pua, karatasi ya sheria, kadi ya chama. Kimoja kikiondolewa, huanza kuliwa polepole, bila kelele, kama bomba la kisima.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Moja, kila tawi lenye wachomeleaji liulize, kwa barua, ni madini gani yanayochomelewa na ni vifaa gani vya pua vilivyotolewa. Mbili, boliti na viungo visibadilishwe na vya bei ndogo bila fundi kuandika sahihi yake, na fundi anayekataa kubadilisha alindwe na chama. Tatu, madaftari yaanze mwezi huu.

Mwenye swali na aulize. Aliye na bomba linalovuja nyumbani, tutapita kesho kulitazama kabla hatujarudi kazini, bila malipo, ila tukipewa uji hatutakataa.

Umoja ni nguvu.